Jiwe Lililoshonewa Kitambaa Cheusi

Bisha. Nakupa ruhusa ubishe sasa hivi, kabla sijafika mbali, maana watu wakinisikiliza mpaka katikati huona haya kubisha. Nilipokuwa mtoto kule Mbuchi niliumwa homa iliyowashinda wakubwa, na kilichoniinua kitandani ni jiwe. Jiwe lenyewe dogo, kama punje ya kunde. Nililivaa shingoni, na hata leo ninapoandika haya ninalo. Wewe tabasamu tu. Wapo waliotabasamu kukushinda, na mwisho wakaniuliza kwa sauti ya chini lilipatikana wapi.

Wala si jiwe la hawa wanaouza pete hapa stendi ya Kibiti. Kuna kijana mmoja, meza yake iko jirani na kijiwe chetu cha bodaboda, amebandika karatasi yenye miezi kumi na miwili, kila mwezi na jiwe lake. Waliozaliwa Januari wana jekundu, wa Mei wana la kijani, wa Septemba buluu. Wasichana wanajaa pale kuulizia miezi yao na ya wachumba zao. Mimi namchokoza kila siku. Namuuliza, mtu kama mimi utamvisha nini? Mimi nimezaliwa mwaka ambao mto ulipanda ukachukua mpaka vitanda, mpunga ukiwa umechanua, na kadi yangu ya kliniki ikaenda na maji. Mwezi wangu anaujua kambale. Naye hunijibu kwamba kwa sura niliyo nayo hakuna jiwe litakalokubali.

Kwetu hatukuhesabu mwezi. Nyota ya mtu ilitafutwa kwa jina lake na jina la mama yake. La baba halikuingia, kwa sababu wazee walisema baba huambiwa, mama hushuhudiwa. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Mwalimu wa falaki hujumlisha majina yote mawili, hutoa kumi na mbili, hutoa tena kumi na mbili, mpaka kinachobaki kimwonyeshe nyota. Na kila nyota ina jiwe lake: akiki, feruzi, yakuti, marijani. Wenye elimu husema mawe hayo yaliletwa na Waarabu na Waajemi, akiki kutoka Yemen, feruzi kutoka Uajemi. Bibi yangu hakukubali kwamba kitu kizuri namna hiyo lazima kiwe kimetoka ng'ambo. Yeye alisema mtoto anapozaliwa, jiwe lake nalo huanguka mahali fulani duniani, na kazi ya mwalimu ni kuwakutanisha tu.

Jiwe la nyota halikuonyeshwa ovyo. Lilishonewa ndani ya kitambaa cheusi, likatiwa uzi, likakaa kifuani usilione hata wewe mwenye nalo. Na ukivishwa jiwe la nyota ya mwenzio, walisema, halikulindi. Linakulemea.

Hapo kwenye jina la mama ndipo habari yangu inapoanzia.

Mama yangu aliitwa Halima. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilikuwa sifa ya Mbuchi nzima. Msimu wa mpunga kukomaa tulihamia dunguni, kile kibanda kinachosimama juu ya miguu ya miti katikati ya shamba, tukawa tunaamia ndege. Wenzetu walipiga madebe. Mama alisimama mlangoni pa dungu, akaachia ukelele mmoja, kwelea kwelea wakahamia kwa jirani. Jirani akatukana kutoka kwake, Mama akamjibu awape maji wakishiba. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, na nilijua kwamba ni wa pekee, kwa hiyo unaweza kukisia nilivyokuwa mjinga. Nilijisifu kwamba nimemwona mamba akinikimbia. Nilijisifu kwamba baba yangu, aliyekuwa Mafia kwa shughuli zake za uvuvi, angerudi na boti ya mashine mbili. Mama alisikia yote na kuniachia. Watu wakimwambia mtoto wako muongo, alijibu, "Huyo haongopi, anatangulia tu."

Nikiwa darasa la tatu homa ikanikuta palepale dunguni. Ilianza jioni na kutetemeka, nikaona ndege wakiwa wakubwa kama watu. Mama alinibeba mgongoni kwenye tope la shamba mpaka zahanati. Nikapewa dawa, nikapata nafuu, nikaanza kujisifu, homa ikarudi. Tukaenda tena. Mganga wa zahanati akasema safari ya kwanza sikumaliza dozi, nimekuwa nazitema, na ni kweli nilizitema, zilikuwa chungu. Akatoa nyingine. Mimi nilikuwa nimebaki macho na masikio.

Bibi, mama yake Mama, akaja kunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akakishika kile kitambaa cheusi kifuani kwangu, akakipima kwa vidole kama anayepima nazi. Jiwe hilo nilivishwa nikiwa mchanga, na mwalimu wa falaki wa Mkongo. Ndani, nilivyokuwa nikiambiwa, mlikuwa na akiki nyekundu, jiwe la nyota ya Kausi.

"Halima," akasema, "jiwe hili limemlemea mtoto. Ulipokwenda kwa Mwalimu ulitoa jina gani?"

Mama akanivuta shuka mpaka shingoni.

"Ulitoa lako," Bibi akasema.

Nilidhani uzee umeanza kumpotosha Bibi. Jina lingetoka lipi lingine? Mama akainuka, akatoka uani, nikamsikia anasugua sufuria ambayo asubuhi niliiona inang'aa. Aliisugua muda mrefu. Bibi alibaki palepale amekishika kitambaa, machozi yanamtoka taratibu, hata hayafuti. Nilipokuwa mkubwa nilimlaumu kwa siku ile. Siku hizi simlaumu sana. Alikuwa na mtoto mwingine wa kumdaia haki yake, na mtoto huyo hakuwa na mdomo tena wa kujidaia.

Kutoka Mbuchi mpaka Mkongo ni safari kweli, hata kwa mzima. Tulivuka kwa mtumbwi, tukapanda gari la kwenda Kibiti, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukaenda Ikwiriri, kisha tukaingia njia ya Mkongo. Kila tuliposimama Mama alinipa kidonge ndani ya kipande cha ndizi, akanishika kidevu mpaka nimeze. Mwanamke aliyekuwa akihamisha ndege kwa sauti alikaa kimya kutoka maji ya chumvi mpaka mashamba ya ufuta. Mimi kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, na kila nilipofumbua macho nilikuta ananitazama.

Mwalimu wa Mkongo alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa singileti, na redio ilikuwa inatangaza mpira. Alitaka kwanza habari za delta, kama kamba wanapatikana, kama mpunga umepona na nguruwe. Alimkumbuka Mama. Alimuuliza kama huyu ndiye yule aliyemkojolea mkeka. Mama akajaribu kucheka, ikashindikana, Mwalimu akazima redio.

Mama akamwambia amekuja jina lihesabiwe upya. Mwalimu akachukua penseli na kipande cha kalenda ya zamani, akageuza upande mweupe, akasubiri. Mama akauliza kama mtoto anaweza kupelekwa uani kidogo kwa wenzake. Mwalimu akasema hapana, nyota ni ya mtoto, jina litajwe naye yupo.

Basi Mama akanivuta, akaniweka katikati ya magoti yake, akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Viganja vya mpalilia mpunga, vigumu, vina mistari. Akasema jina. Viganja havizuii kitu, mwanangu. Nililisikia kama limesemwa ndani ya kichwa changu.

"Zainabu."

Nikajinasua. Nikamuuliza Zainabu ni nani.

Angeweza kunidanganya. Mimi mwenyewe, ningekuwa yeye, uongo ungenitoka tayari una miguu na mikono. Mama akanigeuza tukatazamana.

"Zainabu ni dada yangu," akasema. "Ndiye aliyekuzaa, Mungu akamchukua. Mimi nilikupokea hujafumbua macho."

Hapo, katika kusimulia, huwa nanyamaza kidogo, watu wavute pumzi. Kisha naendelea: Mwalimu akaandika, akajumlisha, akatoa kumi na mbili zake, akatikisa kichwa. Nyota haikuwa Kausi. Ilikuwa Hutu, nyota ya samaki, nyota ya maji, na mimi mtoto wa delta niliyezaliwa mafuriko. Akaifumua akiki, akaleta feruzi, kijani inayotaka kuwa buluu, akaishonea, akanifunga. Nikarudi Mbuchi na jiwe la mama yangu mzazi, na homa haikunigusa tena.

Pale kijiweni hadithi hii huwafunga mdomo mpaka wabishi wa mpira.

Mbuchi nilikuwa mtu maarufu. Wazee walinisimamisha njiani. Watoto walitaka kugusa kitambaa, nami nilikuwa nachagua nani aguse. Mtoto aliyefiwa na mama asiyemjua, na mama huyo akamtumia jiwe kutoka kaburini: nani alikuwa na kitu kama hicho? Hata yule mwenye baiskeli hakuwa nacho. Nikaanza kumtaja Zainabu kana kwamba tulikula pamoja jana. Niliwaambia sura yake. Niliwaambia sauti yake. Bibi alinisikia, akanikalisha karibu, akaniongezea mengine ya kweli juu ya bintiye, nami nikayachanganya na ya kwangu.

Kisha jioni moja, tunakula, nikasema, "Mama mdogo, chumvi iko wapi?"

Sijui kwa nini nilianza na chumvi. Hakuna aliyenituma. Ni sahihi, dada mdogo wa mama yako ni mama mdogo, hata shehe atakwambia. Nilitaka kusikia linavyotoka mdomoni. Mkono wake ulikuwa na wali, ukasimama hewani, kisha ukaendelea.

"Abee," akaitika, kama anavyomwitikia mtoto wa jirani. Akanisogezea chumvi.

Tangu siku ile sikurudi nyuma. Mwanzoni ilikuwa mchezo, baadaye ikawa mazoea, na mazoea ni kitanzi usichokiona. Nilimwita Mama mdogo nikiwa na afya na nikiwa na njaa. Nilimwita hivyo siku nilipoacha shule kidato cha pili na kumwambia nakwenda Kibiti kutafuta maisha. Alinifungia mchele na kamba wakavu. Aliniambia nisiendeshe pikipiki mvua ikinyesha. Nilicheka, nikamwambia mimi ndiye ninayeitisha mvua. Akasema, "Najua, umetangulia tu."

Nikawa natangulia huko huko. Nilikuwa nampigia simu, si kwamba nilimtupa; nampigia nikiwa juu ya pikipiki, nikimwambia nina abiria, nitapiga baadaye. Nilimtumia vitenge. Vitenge viwili havijashonwa, nimevikuta sandukuni. Mwaka jana mvua za masika zilipokaza, jirani alinipigia akisema Halima kifua kinambana, njoo. Siku hiyo nilikuwa nimempata mteja wa kwenda Ngarambe, njia ambayo wenzangu wanaikwepa, na nilikuwa nimeshawatangazia kijiweni kwamba mimi peke yangu naiweza kwenye tope lile. Nikasema nitakwenda kesho yake. Ngarambe niliiweza. Niliporudi kwenye mtandao, simu ilikuwa imejaa majina ya watu wa Mbuchi.

Nilikuwa kwenye mtumbwi, nakaribia, nilipokisikia kipaza sauti cha msikiti. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki dunia Bi Halima, mama mdogo wake Hamza wa bodaboda. Maziko baada ya alasiri.

Hakuna aliyekosea. Mtu hutangazwa kupitia jamaa wake anayejulikana, na mimi ndiye niliyewafundisha watu namna ya kumtaja. Mwenye mtumbwi akanipa pole ya mama mdogo. Nikapokea. Nilitaka kumsahihisha, nikamhesabia nauli yake. Mimi, ambaye hata wanaonichukia wanasema sikosi neno.

Niliingia kaburini kumpokea, nikamlaza. Mtu mmoja akasema vizuri, mtoto wa dada naye ni mtoto. Nikamsikia, nikaendelea kupanga udongo.

Sasa, huwa naishia kabla ya msiba. Watu wanakitazama kitambaa, wanasema maajabu, tunaagana. Wewe nimekupeleka mpaka kaburini, na ukishafika huko haifai nikuache na ile hadithi ya kijiweni.

Kule Mkongo, jiwe halikubadilishwa.

Mwalimu alijumlisha jina langu na la Zainabu, akatoa kumi na mbili zake, akasimama. Akafuta. Akahesabu tena kwa kidole. Kisha akaanza kucheka, tumbo linaruka ndani ya singileti. Zilibaki tisa. Na alipohesabu zamani kwa jina la Halima zilibaki tisa vilevile. Kausi, akiki, hakuna cha kuhama. Nenda kwa yeyote anayejua hesabu hiyo, mpe Hamza na Halima, kisha Hamza na Zainabu, usiniamini mimi.

"Halima," Mwalimu akasema, "umejitesa bure. Hapa nyota haikumjua mwingine. Mtoto ni wako kama alivyokuwa wake."

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akafumua kitambaa ili Mama aone kwa macho, na ile akiki nyekundu ikalala kwenye kiganja chake, safi, haina hata ufa. Mama aliitazama, akamwomba aishone palepale ilipokuwa. Na homa, kama unataka kujua, ilikuwa imeshaanza kuniacha njiani, kwa vile vidonge vya ndani ya ndizi.

Safari ya kurudi Mama hakunyamaza hata kidogo. Alinunua kashata Ikwiriri, akanipa, akaila nusu yeye. Alizungumza na abiria asiowajua. Aliniuliza aanzeje kumwambia Bibi: aanze na Mwalimu alivyofuta, au aanze moja kwa moja na tisa? Alijaribu hivi, akajaribu vile, akacheka peke yake. Miaka yote ile alikuwa na mtoto mkononi na hofu moyoni kwamba amemwiba kwa marehemu, na sasa ameambiwa hakuiba. Nilikuwa na miaka ya kutosha kuielewa furaha hiyo. Nilichokielewa zaidi ni kwamba habari kubwa kuliko zote nilizowahi kurudi nazo Mbuchi haikuwa yangu. Ilikuwa yake, na mimi ningekaa pembeni nasikiliza.

Bibi alikuwa anatusubiri ukingoni, amesimama na watu wengine waliokuja kupokea mizigo. Kabla hatujashuka sawasawa akauliza, "Jiwe limebadilika?"

Mama akafungua mdomo. Mimi nikatangulia.

"Limebadilika, Bibi. Lilikuwa jekundu, sasa ni la kijani. La mama Zainabu."

Bibi akaniinua na uzee wake wote, akalia, akalitaja jina la bintiye kwa sauti mbele za watu. Kwa juu ya bega la Bibi nilimwona Mama. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Akanitazama, akamtazama mama yake anavyolia, akaufunga. Akainama kuchukua kikapu.

Niliisimulia hadithi ile mbele yake, sijui mara ngapi, yeye anapepeta mchele au anachambua kamba. Angenikatiza kwa neno moja. Hata siku moja hakunikatiza.

Bibi yu hai, haoni vizuri. Nikienda Mbuchi hunipapasa kifua kwanza, kisha ndipo huitikia salamu. Huniuliza kama jiwe la Zainabu lipo salama.

Namjibu lipo.